Sifuri ya rafiki yako si sifuri yako: kuhusu picha ya kalsiamu kwenye mishipa ya moyo

Swali: Daktari, nina miaka 51. Sivuti sigara, sina kisukari, nakimbia mara tatu kwa wiki na sijawahi kuumwa kifua. Mwaka jana kaka yangu wa tumbo moja alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 53, akapona. Nikaenda kupima: presha 138 kwa 86, kolesteroli mbaya 3.7. Daktari wangu alipiga hesabu akaniambia kuwa hatari yangu ya shambulio la moyo au kiharusi kwa miaka 10 ijayo ni kama asilimia 9, akanishauri nianze statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Nasita kumeza kidonge kila siku wakati najisikia mzima. Rafiki yangu alipiga picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya kalsiamu ya moyo, akapata sifuri, akaambiwa hahitaji dawa. Je, nami nikapige? Nikipata sifuri nimesalimika? Kwa nini hawapimwi watu wote? Niache maziwa? Na mke wangu, mwenye miaka 43, anauliza kama tukapime pamoja.

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa yaliyomkuta kaka yako, na nashukuru kwamba yuko hai. Nianze na jibu lenyewe nisikuchoshe: kwa mtu wa hali yako kipimo hiki kina maana, na ningekuunga mkono ukienda. Lakini sababu yangu si ile iliyokuvutia wewe. Wewe unakitafuta kikuondolee kidonge. Mimi naona kinakufaa kwa kuwa wewe na daktari wako mmekwama njia panda, na namba moja zaidi inaweza kuwaonyesha pa kupita. Ndiyo maana nakuomba jambo moja kabla hujalala kwenye mashine: kaa na daktari wako mkubaliane, jibu likiwa hivi tutafanya nini, likiwa vile tutafanya nini. Nimeona watu wengi waliopiga picha kwanza na kuuliza maswali baadaye. Karatasi ya majibu ikawa mzigo mpya wa wasiwasi, na uamuzi ukabaki palepale.

Sasa tuone kinachopimwa. Mishipa ya koronari ndiyo inayouzunguka moyo na kuulisha damu. Ugonjwa huanza pale chembe za kolesteroli mbaya zinapopenya chini ya utando laini wa ndani ya mshipa. Seli za kinga huzifuata, huzimeza mpaka hushindwa, na hufia humohumo. Mabaki yakikusanyika huleta uvimbe wa chinichini usiokoma, na ukutani mwa mshipa ukajengeka ukoko wa mafuta na seli zilizokufa. Miaka ikipita, mwili huutia ukoko huo kalsiamu, kwa njia inayofanana sana na ile ya kujenga mfupa. Ndiyo sababu mashine inayoona mifupa vizuri huiona kalsiamu hii pia: inang'aa nyeupe juu ya moyo wa kijivu.

Kwa hiyo la maziwa tulimalize hapahapa. Kalsiamu ya kwenye mishipa haikumiminika kutoka kwenye glasi. Imeletwa na jeraha la ukutani. Kuacha maziwa hakutaipunguza. Kama unameza vidonge vya kalsiamu kwa hiari yako, bila kuandikiwa, hivyo mtajie daktari wako, kwa sababu kuhusu vidonge mjadala bado upo.

Namna ya kuhesabu ilitolewa mwaka 1990 na Arthur Agatston, Warren Janowitz na wenzao, huko Miami Beach nchini Marekani, na mpaka leo namba tunayoitumia inaitwa alama ya Agatston. Ukiielewa hesabu yenyewe hutadanganywa na mtu. Mashine ya CT hupima uzito wa kivuli cha kila kitu kwa vipimo vya Hounsfield, ambavyo vimepewa jina la mhandisi Mwingereza aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1979: maji ni 0, hewa ni kasoro 1,000. Doa lolote kwenye mshipa wa koronari lenye vipimo 130 au zaidi huhesabiwa kuwa kalsiamu. Hupimwa ukubwa wake kwa milimita za mraba, kisha huzidishwa kwa uzito wake: mara 1 likiwa chini ya 200, mara 2 likiwa kati ya 200 na 299, mara 3 kati ya 300 na 399, na mara 4 kuanzia 400. Doa la milimita 4 za mraba lenye kilele cha 320 linapata alama 12. Madoa yote ya mishipa yote yakijumlishwa, hiyo ndiyo alama yako. Inaanzia sifuri, wala haina kikomo juu. Wapo wenye zaidi ya 1,000.

Unaona basi kwamba alama 300 haina uhusiano wowote na asilimia ya kuziba. Watu huniletea karatasi huku mikono ikitetemeka, wakidhani mishipa imeziba mara tatu zaidi ya inavyowezekana. Kipimo hiki hakionyeshi njia ya damu imebanwa kiasi gani. Kinaonyesha ukuta umeugua kiasi gani. Mtu anaweza kuwa na alama 500 zilizotawanyika kwenye mishipa yake yote na damu ikapita bila shida.

Hapo wasomaji makini huniuliza: kama kalsiamu ni kovu la ukoko uliozeeka na kukauka, na kama shambulio la moyo mara nyingi huletwa na ukoko laini unaopasuka ghafla na kugandisha damu, mbona tunahesabu kovu? Swali zuri sana. Jibu ni kwamba kovu halisimami peke yake. Kalsiamu ni kama sehemu moja ya tano tu ya ukoko wote ulio kwenye mishipa. Palipo na mengi magumu, kwa kawaida kuna mengi laini ambayo picha hii haiyaoni. Tunahesabu visiki ili tukisie mizizi.

Na makisio hayo yamejaribiwa. Utafiti mkubwa uitwao MESA, ulioanza mwaka 2000 huko Marekani, uliwafuatilia watu 6,814 wa miaka 45 hadi 84 wa jamii nne, Weusi, Weupe, Wahispania na wenye asili ya China, ambao wakati wa kuanza hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba mwenye alama kati ya 101 na 300 alikuwa na hatari ya tukio la moyo karibu mara 7.7 ya mwenye sifuri, na aliyezidi 300 karibu mara 9.7. Hiyo ni baada ya kuondoa mchango wa umri, presha, kolesteroli, sigara na kisukari. Kwa maneno mengine, picha iliongeza habari ambayo vipimo vya kawaida havikuwa nayo. Ni mambo machache sana katika kazi yetu ya kutabiri yanayofanya hivyo.

Lakini nguvu kubwa zaidi ya kipimo hiki, kwa maoni yangu, iko upande wa sifuri. Karibu nusu ya watu wa MESA walikuwa na sifuri, wakiwemo watu ambao hesabu ya kawaida iliwaweka kwenye hatari ya kati kama yako. Kwa ujumla wao, miaka iliyofuata ilikuwa ya amani. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 kuhusu kolesteroli unasema kwamba mtu wa hatari ya kati, yaani asilimia 7.5 mpaka chini ya 20, anayesita kuanza statini, anaweza kupima, na akipata sifuri ni sawa kuahirisha dawa kisha kupimwa tena baada ya miaka 5 hadi 10. Nadhani hilo ndilo aliloambiwa rafiki yako.

Mwongozo huohuo, hata hivyo, unaweka sharti. Sifuri haitoshi kuahirisha dawa kwa mvuta sigara, kwa mwenye kisukari, na kwa mwenye historia ya ugonjwa wa moyo wa mapema katika familia. Kwa ndugu wa kiume, mapema maana yake ni kabla ya miaka 55. Kaka yako alikuwa na miaka 53. Hapo ndipo wewe na rafiki yako mnapoachana njia, hata kama karatasi zenu zitakuwa na namba moja.

Sikwambii hivyo nikukatishe tamaa. Ukipata sifuri nitafurahi pamoja nawe, na hatari yako itakuwa imeshuka kweli. Lakini sifuri kwenye miaka 51 maana yake ni kwamba ukoko, kama upo, bado haujakomaa kiasi cha kutiwa kalsiamu. Haina maana kwamba haupo. Kadiri mtu alivyo kijana ndivyo sifuri yake inavyosema machache. Pia haitabiri kesho yako ukiacha kukimbia, presha ikipanda, au kisukari kikiingia. Kwa sifuri yako mimi ningekwambia hivi: dawa inaweza kungoja ukitaka, lakini ufuatiliaji hauwezi. Tungeshusha presha na kolesteroli kwa njia nyingine kwa miezi kadhaa, tungepima damu tena, na tungerudia picha mapema kuliko tungefanya kwa rafiki yako. Na ukiamua kuianza statini hata kwa sifuri, sitakupinga. Kila kolesteroli mbaya inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano.

Je, ikiwa si sifuri? Hapa umri ndio unaoipa namba uzito. Alama 60 kwa mzee wa miaka 75 ni chini ya wastani wa wanaume wenzake. Alama hiyohiyo kwa mwanamume wa miaka 51 inamweka juu ya robo tatu ya rika lake, na inaeleza kwamba mishipa yake imezeeka kabla yake. Kwa hiyo omba karatasi ya majibu ionyeshe nafasi yako katika rika lako, pamoja na alama yenyewe. Ukiwa na alama kati ya 1 na 99, uzani unaelekea upande wa statini. Kwa mwenye kaka kama wako ningesema unaelekea sana. Ukifikia 100, au ukizidi robo tatu ya rika lako, mjadala umekwisha: anza dawa. Kuanzia 400 tunakaza zaidi: kolesteroli ishuke sana, presha idhibitiwe bila mzaha, na tunakuuliza upya, kwa makini, kama kweli huna dalili zozote ukipanda ngazi au ukikimbia.

Kuna kosa moja ambalo linaniumiza kila nikiliona, na nakuomba ulikwepe. Mtu asiye na dalili anapata alama kubwa, anaingiwa na hofu, anafanyiwa picha ya mishipa kwa kupenyeza mrija, kisha anawekewa stenti, kibomba cha wavu cha kutanua mshipa, akiamini ameokolewa. Jaribio la ISCHEMIA, lililochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa 5,179 wenye ugonjwa wa koronari uliotulia, halikuona kwamba kukimbilia stenti au upasuaji kunapunguza vifo au mashambulio ya moyo kuliko kuanza na dawa nzuri. Na hao walikuwa wagonjwa wenye ushahidi wa moyo kukosa damu ya kutosha, si watu waliokwenda kupima kwa tahadhari. Ugonjwa ulioonyeshwa na alama umeenea katika ukuta wa mishipa yote. Stenti inatanua sentimita chache. Dawa inafika kote.

Kosa jingine ni kurudia picha ukiwa kwenye statini ili kuona kama dawa imefanya kazi. Usifanye. Statini hukausha ukoko laini na kuufanya mgumu, kwa hiyo alama inaweza kupanda wakati hatari inashuka. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyeacha dawa kwa hasira kwa sababu alama yake iliongezeka kutoka 140 hadi 190. Dawa ilikuwa inamlinda, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Ukianza statini, kinachopimwa ni kolesteroli ya damuni. Picha imekwisha kazi yake. Wakimbiaji wa mbio ndefu wa miaka mingi nao wakati mwingine huwa na alama kubwa kuliko tunavyotarajia, na wataalamu bado wanachunguza maana yake. Wewe wa mara tatu kwa wiki endelea kukimbia bila hofu.

Umeuliza kwa nini hawapimwi watu wote. Kwa sababu kujua hatari ni jambo moja, na kuokoa maisha kwa kuijua ni jambo jingine, na hili la pili bado halijathibitika kwa kiwango tunachotaka. Huko Denmark, jaribio la DANCAVAS liligawa wanaume 46,611 wa miaka 65 hadi 74. Baadhi walialikwa kupimwa vipimo kadhaa, kalsiamu ya moyo ikiwemo, wengine hawakualikwa. Baada ya miaka zaidi ya 5, waliofariki walikuwa asilimia 12.6 kwa walioalikwa na 13.1 kwa wasioalikwa, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haikutosha kusema ni ya kweli. Ni haki kuongeza kwamba zaidi ya theluthi moja ya walioalikwa hawakufika. Huko Marekani nako, jopo la kitaifa linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema mwaka 2018 kwamba ushahidi haujatosha kupendekeza au kukataza kipimo hiki kwa watu wasio na dalili.

Tena kipimo chochote kina gharama ya aina yake. Mionzi hapa ni kidogo, karibu milisivati 1, wakati mtu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Linalosumbua zaidi ni vitu vinavyoonekana bila kutafutwa: picha ya moyo hupita pia kwenye sehemu ya mapafu, na mara kwa mara huonekana kinundu kidogo kisicho na madhara ambacho sasa lazima kifuatiliwe kwa picha nyingine. Kwa mtu ambaye jibu la kalsiamu lingebadilisha uamuzi, hiyo ni gharama inayovumilika. Kwa asiyehitaji jibu, ni hasara tupu. Mwenye kolesteroli mbaya ya 4.9 au zaidi hana haja ya picha, aanze dawa. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kuwekewa stenti hali kadhalika. Na mwenye maumivu ya kifua hapaswi hata kulifikiria: kifua kikibana, maumivu yakipanda shingoni au mkononi, jasho likitoka na pumzi ikikata, nenda hospitali ya dharura saa hiyohiyo. Sifuri ya juzi isikuzuie mlangoni.

Kuhusu siku yenyewe, hakuna la kuogopa. Hakuna sindano wala dawa ya kung'arisha mishipa. Kwa kawaida utaambiwa usinywe kahawa kwa saa kadhaa kabla, ili mapigo yatulie. Utabandikwa vidude vya kusoma umeme wa moyo kifuani ili mashine ipige picha ya moyo ukiwa umetulia kati ya pigo na pigo, utaambiwa ushike pumzi kwa sekunde chache, basi. Robo saa na umeshavaa shati lako.

Wakati unasubiri siku hiyo, kuna mawili nayaona ya haraka kuliko picha. La kwanza ni presha. Vipimo vya 138 kwa 86 vikirudiwa vikabaki hivyo, miongozo ya Marekani tangu 2017 inaviita tayari shinikizo la juu. Ipime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, umekaa, umetulia, mkono umeegemea mezani, uandike namba zote hata usizozipenda. La pili ni kipimo cha damu ambacho wengi hawajawahi kusikia: lipoprotini a. Ni aina ya chembe ya kolesteroli ambayo wingi wake umerithiwa karibu wote, chakula na mazoezi havibadilishi chochote cha maana, na hupimwa mara moja tu maishani. Kwa mtu ambaye kaka yake wa tumbo moja kaanguka akiwa na miaka 53, ningetaka kuiona namba hiyo hata kabla ya kalsiamu. Ikiwa juu, tutakuwa tumepata sababu ya kuanza dawa isiyongoja picha, na kaka yako na watoto wenu nao watahitaji kupimwa.

Mke wako asije kupiga picha nawe. Wanawake hupata kalsiamu kwenye mishipa kama miaka 10 nyuma ya wanaume, na kwa miaka 43, bila hatari nyingine, karibu hakika atapata sifuri ambayo haitamwambia kitu. Apime presha, sukari na kolesteroli. Halafu amweleze daktari mambo mawili ambayo mara nyingi hakuna anayeyauliza: kama presha yake iliwahi kupanda au alipata kifafa cha mimba katika ujauzito wowote, na kama hedhi yake imekoma kabla ya miaka 40. Yote mawili huongeza hatari ya moyo miaka mingi baadaye, na hakuna mashine inayoweza kuyaona.